Mtoto wa kwenu ana saratani na wewe uko ng'ambo: mwongozo kamili wa kuishika mkono familia iliyopo Unguja au Pemba

Habari ikishatoka kwamba mtoto amepimwa na ana saratani, simu za ukoo mzima hulia siku tatu mfululizo. Wa Muscat anapiga, wa London anapiga, wa Toronto anapiga, wote wanamuuliza mama maswali yale yale, naye hajalala wala hajatia kitu mdomoni. Baada ya wiki chache simu zinapungua. Ukifika mwezi wa tano wa matibabu, mtoto anatakiwa arudi Dar es Salaam kwa mzunguko mwengine wa dawa, baba anahesabu nauli na haitoshi. Hapo ndipo matibabu huanza kukatika.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye mbali anayetaka kufaa mwezi huo wa tano. Mimi ni shangazi, naishi Muscat, na mtoto wa kaka yangu anatibiwa Dar akitokea Pemba. Ninayoyaeleza ndiyo tunayoyafanya kwetu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa wapone duniani kote. Pengo hilo lina sababu nyingi: ugonjwa kugunduliwa umeshakua, dawa kukosekana, wataalamu kuwa wachache. Sababu moja lakini iko mikononi mwa ndugu, nayo ni familia kuacha matibabu njiani kwa kukosa nauli, chakula au mtu wa kubaki na watoto wengine. Kila hatua iliyo hapa chini imekusudiwa kuziba hilo.

Hatua ya 1: Ujue ugonjwa kwa jina lake na muda wake

Neno "saratani" peke yake halikusaidii kupanga chochote. Saratani ya damu inayowapata watoto kwa wingi, aina moja ya lukemia, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, ya mwanzo mtoto akilazwa mara kwa mara, ya baadaye akinywa vidonge nyumbani na kurudi kliniki. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya au tumbo kwa kasi, hutibiwa kwa dawa kali ndani ya miezi michache. Uvimbe wa figo uitwao wa Wilms kwa kawaida huhitaji dawa na upasuaji, na dawa huendelea baada ya upasuaji. Saratani ya jicho, retinoblastoma, pengine hulazimu jicho litolewe ili mtoto abaki hai. Kwa kuwa hii ya jicho inaweza kuwa ya kurithi, ndugu zake wadogo nao wapelekwe wakaangaliwe macho, na wewe uliye mbali unaweza kulibeba hilo moja kwa moja: kuulizia siku, kutoa nauli, kukumbusha.

Kwa hiyo muulize msimamizi wa habari (nitamfikia sasa hivi) mambo manne tu: ni saratani gani, iko wapi mwilini, mpango wa dawa ni wa miezi mingapi, na tarehe ya kurudi hospitali ni lini. Ukiyapata hayo unajua kama unajipangia miezi sita au miaka mitatu.

Njia ya kawaida kwa mtoto wa visiwani huanzia hospitali ya karibu, tuseme Abdalla Mzee kule Mkoani au Mnazi Mmoja mjini Unguja, kisha barua ya rufaa inampeleka Muhimbili, Upanga. Mionzi ikihitajika, Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo iko Dar es Salaam. Muhimbili wanafanya kazi pamoja na shirika la Tumaini la Maisha, ambalo shughuli yake ni saratani ya watoto, na kuna nyumba ya kufikia familia zinazotoka mbali, Ujasiri House. Kabla hujaanza kuchangisha mamilioni, mzazi amuone afisa ustawi wa jamii wa hospitali na aulize: dawa zinalipiwa na nani, vipimo gani tunalipa wenyewe, tunaweza kulala wapi, na je, kuna sehemu ya matibabu inayoweza kufanyika Unguja tusisafiri kila mara? Mzazi aliyeajiriwa aulize pia kuhusu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Watu huchanga kwa ajili ya dawa ambazo tayari zinatolewa, halafu hakuna aliyefikiria nauli.

Hatua ya 2: Mtu mmoja wa habari, na asiwe mama

Chagueni mmoja. Mjomba, mama mdogo, jirani mwenye utulivu, mtu aliye karibu na familia na anayejua kunyamaza. Yeye ndiye anayeongea na mama mara moja kwa siku, kisha anatuma ujumbe mmoja kwenye kundi la ukoo. Wengine wote hawampigii mama kuuliza hali. Wakitaka kusema naye, waseme naye mambo mengine, au wamwache apumzike.

Ujumbe unaotosha ni kama huu: "Leo Jumanne. Amepata dawa ya pili, ametapika mara moja, jioni amekula uji. Homa hana. Kipimo cha damu kesho. Mama amelala mchana. Hakuna kinachohitajika leo." Mistari hiyo inatosha. Sentensi ya mwisho msiiache kamwe, hata siku ambayo hakuna shida, kwa sababu siku itakayobadilika kuwa "kesho tunahitaji watu wawili wa kutoa damu" kila mtu ataiona.

Picha za mtoto zisitoke nje ya kundi. Mtoto amenyonyoka nywele, ana mpira puani, hana namna ya kukataa. Picha hiyo ikiingia kwenye mtandao itamsubiri mpaka awe mtu mzima. Kama mnachangisha hadharani, andikeni bila sura na bila jina lake kamili.

Saa nazo muzijue. Muscat tuko mbele kwa saa moja tu, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba saa nne usiku kwetu ni saa tatu Dar, na wodini taa zimeshapunguzwa. London iko nyuma saa mbili au tatu kulingana na majira, Toronto saa saba au nane: ukitoka kazini jioni ukataka kupiga, huko ni usiku wa manane. Tuma ujumbe wa sauti, na mwanzoni kabisa useme "huna haja ya kujibu".

Hatua ya 3: Pesa kidogo, kila mwezi, tarehe ile ile

Hapa nitakaa, maana ndipo ukoo mwingi unapokwama.

Mchango mkubwa wa mara moja unasaidia, lakini huliwa na mwezi wa kwanza. Familia inayotibu mtoto kwa miaka miwili inahitaji kujua tarehe 1 itaingia kiasi gani, ili baba aamue kama anaweza kuacha kazi ya vibarua wiki hiyo au mama aendelee kubaki Dar. Kaeni ndugu sita au kumi, kila mmoja ataje kiasi ambacho hata mwezi mbaya atakiweza. Mwenye kuweza kidogo ataje kidogo na asionewe haya. Mnachokipata ndicho bajeti.

Kisha muulizeni mzazi matumizi yake halisi, kitu kwa kitu. Kwa mtu wa Pemba orodha huwa hivi: gari ya kushuka bandarini, boti ya Unguja, pahala pa kulala Unguja ikibidi, boti ya Dar, bajaji mpaka Upanga, na yote hayo mara mbili kwa kuwa kuna kurudi. Chakula cha mama, kwa sababu hospitali inamhudumia mtoto na mama hujisahau. Vipimo vya nje siku mashine imeharibika. Vocha. Sabuni, nepi, maji. Nyumbani: chakula cha watoto waliobaki, madaftari ya skuli, umeme. Na pengo la kipato, ambalo wengi hawalihesabu: mama aliyekuwa akikaanga sambusa na kuuza mwani haingizi tena kitu.

Pesa itumwe kwa simu ya mtu mnayekubaliana, laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na muongeze ya kutolea. Ukituma laki moja kamili, anayetoa atabakiwa na pungufu, na pungufu hilo ndilo nauli ya bajaji. Mmoja wenu, aliye nje, aweke daftari: nani katoa, lini, imetumika wapi. Asiyeaminiana na mwenzake aulizane na mwenye daftari. Kumdai mama risiti wakati anampangusa mtoto matapishi ni kumuonea, naomba mnielewe hapo.

Weka kando fungu la dharura lisiloguswa. Linatosha kama linaweza kulipia safari moja ya ghafla ya mtoto na mtu mmoja, kwa ndege ikilazimu, kutoka Pemba hadi Dar es Salaam. Sababu utaiona katika hatua ya 5.

Hatua ya 4: Safari yenyewe

Kwa mtu wa Micheweni au Wete, kuifikia boti ya Mkoani ni kukikata kisiwa kizima, na anatoka nyumbani giza halijaondoka. Mtoto aliyetoka kupata dawa kinga yake imeshuka na tumbo lake halitulii. Mweke huyo kwenye boti iliyojaa, wakati wa kusi bahari imechafuka, na utaelewa kwa nini wazazi wengine wanasema "mara hii tupumzike, tutakwenda mwezi ujao".

Unaloweza kulifanya ukiwa mbali ni kuiondoa kazi ya kupanga kwenye kichwa cha mzazi. Kata tiketi mapema, sio siku ya safari. Mtafutie viti vya chini na karibu na katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, mbali na watu wanaokohoa. Mpigie ndugu aliyeko Unguja awapokee bandarini Malindi, awape chakula cha moto na kitanda, awapeleke asubuhi kwenye boti ya Dar, ambayo huchukua kiasi cha saa mbili. Mwengine awasubiri bandarini Dar. Mama asishuke na mtoto mgongoni, begi mkononi na faili la hospitali kwapani huku akibishana bei na madereva.

Faili hilo liwe na nakala. Barua ya rufaa, majibu ya vipimo, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na barua ya sheha kama ilihitajika: mzazi avipige picha vyote akutumie, wewe uvihifadhi. Hata faili likimwagikiwa maji au begi likipotea, nakala iko kwako.

Hatua ya 5: Jifunze homa na damu

Huna haja ya kuwa daktari, lakini mambo mawili haya uyajue kwa moyo, kwa sababu pengine wewe ndiye utakayepigiwa simu usiku.

Homa kwa mtoto anayepata dawa za kemo, zile kali za kuua saratani, ni dharura. Dawa hizo hushusha chembe nyeupe za damu, na bila chembe hizo maambukizi madogo yanaweza kuua ndani ya muda mfupi. Kipimo kikionesha 38 au zaidi, mtoto aende hospitali wakati ule ule, usiku au mchana, na mzazi aseme mlangoni: "Mtoto huyu ana saratani na yuko kwenye dawa za kemo." Asimpe panadoli kwanza akasubiri asubuhi, maana panadoli huficha homa na maambukizi yanaendelea. Asisubiri boti ya Dar pia. Aanzie hospitali ya karibu apate antibaotiki ya sindano, na wao wawasiliane na Muhimbili. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kununua na kutuma nyumbani ni kipima joto cha kidijitali, na betri yake ya akiba. Mtoto akikutana na mwenye tetekuwanga au surua, daktari aambiwe siku hiyo hiyo hata kama mtoto haoneshi dalili.

Damu nayo. Mtoto anaweza kuhitaji kuongezwa damu, na chembe sahani zile zinazozuia kutoka damu, mara nyingi katika matibabu yake. Chembe sahani hazikai: baada ya siku kama tano hazifai tena. Ndiyo maana kuchangia watu ishirini siku moja halafu basi hakumfai sana. Wazanzibari waliopo Dar ni wengi, na kila ukoo una mtu Magomeni, Ilala au Kariakoo. Kaa na simu, andika majina ya walio tayari, na uwapange kwa zamu: wawili wiki hii, wawili wiki ijayo. Mwanamme aliyetoa damu hukaa miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke miezi minne, kwa hiyo andika na tarehe. Kazi hii inafanyika vizuri kabisa kutoka Muscat, na sioni nyengine inayomsogelea mtoto karibu zaidi ya hii.

Hatua ya 6: Unachotuma kwenye begi

Sisi wa Muscat mkono wetu huenda moja kwa moja kwenye asali, habasoda na zamzam. Nia ni njema. Lakini mtoto aliye kwenye kemo asipewe dawa ya miti, unga wa mizizi, vitamini au habasoda bila daktari kujua, kwa sababu vingine hugongana na dawa au huchosha ini ambalo tayari linafanya kazi nzito. Wazazi huficha kwa kuogopa kukemewa. Mwambie mama aseme tu. Daktari anayejua anaweza kupanga, asiyejua hawezi.

Kisomo na dua viendelee, na hakuna sababu ya kuvishindanisha na hospitali. Kama ni kombe, yaani maandishi ya Qur'ani yaliyooshwa kwa maji ya kunywa, maji yake yawe yamechemshwa na chombo kiwe safi, na daktari aambiwe pia. Madaktari wengi wamekulia humu humu, wanafahamu.

Vinavyofaa hasa: mswaki laini sana, maana midomo hutoka vidonda, chupa ya chai isiyovuja ili uji ubaki moto wodini, betri ya kuchajia simu, kofia ya pamba, glavu, kwa sababu siku mbili baada ya kemo anayeshika nepi, mkojo au matapishi ya mtoto ajikinge, kanga mbili nyepesi za mama, na kitabu cha kuchorea chenye rangi zake. Chakula kipikwe na kiliwe cha moto, maji yachemshwe. Mengine ya lishe mwachie nesi.

Hatua ya 7: Maneno

Usiulize "kaupata wapi?" Mama ameshajiuliza usiku kucha. Saratani nyingi za watoto hazina sababu inayojulikana, hazitokani na alichokula mama alipokuwa mjamzito, wala haziambukizi. Mwambie hivyo waziwazi, na uwaambie na wanaonong'ona barazani. "Subira" na "ni mtihani" ni maneno ya haki, lakini siku ya kwanza hufunga mdomo wa mtu anayetaka kulia. Anza na "pole, niambie".

Ukiona picha mtoto amejaa uso, usiandike "mashaallah kanenepa". Kuna dawa katika tiba ya lukemia zinazovimbisha uso, zinampa mtoto njaa ya saa nane usiku na hasira zisizo zake. Mama anakijua kinachoujaza uso ule. Andika badala yake: "Leo kaomba nini kula?"

Baba naye aulizwe. Kwetu mwanamme hupewa mikono ya pole na maswali ya pesa, basi. Mjomba au ami mmoja ampigie kila wiki, wazungumze hata mpira.

Na waliobaki nyumbani. Dada wa miaka minane aliyeachwa kwa bibi Wete anahisi kasahauliwa, na pengine anaogopa kwamba yeye ndiye aliyemsababishia mdogo wake ugonjwa kwa sababu waligombana. Mpigie yeye kwa jina lake. Uliza skuli. Sikukuu ikifika, nguo yake ije pamoja na ya mgonjwa, begi moja.

Hatua ya 8: Mambo yakigeuka

Pengine madaktari watasema dawa hazifanyi kazi tena. Hapo kazi ya aliye mbali si kutafuta hospitali ya nchi nyengine kwa haraka na kumtia mama matumaini ya kukopa. Kama mnataka maoni ya pili, ombeni ripoti kamili, itumeni kimya kimya, na jibu lirudi kwa mtu wa habari kwanza. Kama jibu ni lile lile, mtoto anahitaji dawa ya maumivu inayotosha na watu wake karibu. Morfini ikitolewa na daktari kwa kipimo ni dawa halali ya kumpunguzia mateso, na familia isiikatae kwa uoga. Ukiweza kusafiri mara moja tu, safiri wakati huo, mtoto akiwa bado anakujua.

Mauti yakitokea Dar, kinachohitajika ni cha saa chache: kibali cha kusafirisha mwili, usafiri wa kuvuka, mtu wa kupokea Mkoani au uwanja wa ndege, sanda. Lile fungu la dharura ndilo linaloyabeba haya. Wazazi wasiulizwe kitu siku hiyo. Baada ya hitima, mchango wa mwezi usikatwe ghafla. Angalau miezi mitatu zaidi, kwa kuwa madeni ya dukani hayakuondoka.

Hatua ya 9: Matibabu yakimalizika

Siku daktari akisema dawa zimekwisha, ndugu wengi hushukuru na kutawanyika. Mtoto lakini ataendelea kuitwa kliniki, mwanzo kwa karibu, kisha kwa nafasi, kwa miaka. Zile ni safari zile zile za boti, na sasa hakuna anayechanga kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Punguzeni mchango, msiuvunje. Ubaki unatosha nauli za kliniki. Mzazi aulize lini chanjo zianze tena, kwani zile zenye virusi hai hazitolewi mapema baada ya kemo. Mwalimu aelezwe kwamba mtoto huyu amekosa mihula, anachoka haraka, na hamuambukizi mtu. Aliyetolewa jicho atahitaji jicho la bandia kubadilishwa kadiri uso unavyokua, na hilo nalo litiwe kwenye daftari pamoja na tarehe yake.

Tarehe zote za kliniki ziandike kwenye kalenda ya simu yako mwenyewe, wiki mbili kabla, ili tiketi ikatwe mapema.